Gari Lilikuwa Limesimama

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza. Milimita kumi na mbili kwenye kopo.

Kila msimu wa mvua naanza daftari jipya. Nilifundisha fizikia miaka thelathini na nne, na mtu aliyezoea kupima haachi kwa sababu amestaafu. Mkamwana wangu ananiita karani wa mbinguni. Tuko watatu nyumbani: mimi, mwanangu ambaye ni fundi wa minara ya simu na huwa safarini nusu ya mwezi, na mkewe huyu, msusi, ambaye hana saluni bali huwafuata wateja majumbani kwa baiskeli yake ya kijani.

Leo alipokuwa anatoka nilimkumbusha: barabara imelowa, kaa pembeni kabisa, pita karibu na magari yaliyoegeshwa, waachie wanaokwenda kasi njia yao.

"Nimesikia, Mama. Umenifundisha mpaka usingizini unanifundisha."

Jumatano, 5 Machi

Milimita nne.

Alhamisi, 6 Machi

Asubuhi kavu. Mvua imeanza saa nane mchana, milimita tisa. Nimeandika hayo kwanza ndipo niweze kuandika mengine.

Saa tatu asubuhi muuza matunda wa njia panda alinipigia simu. "Mwalimu, njoo zahanati, mkamwana wako ameanguka." Nilifika na kandambili zisizofanana.

Alikuwa amekaa kitandani, mkono wa kushoto umefungwa hadi kwenye kiwiko, damu imeloanisha bandeji. Yeye ni wa mkono wa kushoto. Anaandikia huo, anakulia kijiko huo, anasukia huo. Aliponiona alijaribu kucheka.

"Nilikaa pembeni, Mama, kama unavyosema. Gari la magodoro lilikuwa limeegeshwa mbele ya duka. Nilipofika usawa wa dereva, mlango ukafunguka. Mtu sikumwona, niliona mlango tu."

Ukingo wa mlango ulimkata mgongo wa kiganja kikiwa kimeshika usukani. Dereva alishuka, akamwinua, akamlaza juu ya godoro jipya alilolivuta kutoka nyuma ya gari. Akasema, "Nisamehe dada yangu, sikutazama." Kisha akampigia simu bosi wake. Baada ya simu hiyo hakusema neno tena, hata jina lake hakutaja.

Gari lina magodoro thelathini ndani, na yeye kaangukia lami. Sijui kwa nini hilo ndilo linalonikasirisha kuliko yote.

Jumamosi, 8 Machi

Milimita kumi na moja.

Nimekwenda kituoni kuchukua taarifa ya ajali. Askari wa usalama barabarani ni mtu mpole, ana kikombe cha chai na kalamu mbili mfukoni.

"Mama, tuelewane. Gari lilikuwa linatembea au limesimama?"

"Limesimama. Lakini mlango—"

"Limesimama. Na baiskeli?"

"Baiskeli ilikuwa inakwenda, ndiyo kazi ya baiskeli."

"Basi umejibu mwenyewe."

"Sijajibu. Dereva alifungua mlango bila kutazama nyuma."

"Dereva anasema mlango ulikuwa umefungwa. Yeye alikuwa ndani anaandika hati za mzigo. Shahidi unaye?"

Muuza matunda alisikia kishindo ndipo akageuka. Alimwona dereva ameshashuka, amemshika mkamwana wangu. Kwa hiyo shahidi sina.

Taarifa inasema: Mpanda baiskeli aligonga gari lililokuwa limesimama. Nimeisoma mara nyingi. Gari lilikuwa limesimama, kweli. Walikutana kwa kishindo, kweli. Nimewahi kusahihisha maelfu ya mitihani, na majibu mabaya kuliko yote ni yale ambayo mwanafunzi amechukua namba za kweli akazipanga zidanganye.

Jumanne, 11 Machi

Mvua usiku kucha. Ishirini na tatu. Hajalala, mkono unapwita.

Alhamisi, 13 Machi

Milimita sita. Leo kidogo nimefurahi.

Fundi baiskeli wa kona, ambaye mtaa mzima tunamwita Spoku kwa wembamba wake, ameileta baiskeli. Aliichukua kwa muuza matunda bila kuombwa. Amenyoosha usukani, amebadili mipira ya mkononi, kanyagio moja jipya, na ameipaka rangi nyeusi yote, inang'aa.

"Bei gani, Spoku?"

"Bei ya nini, Mwalimu? Hii ni pole yangu kwa dada. Nimeona akiikuta ile ya kijani imechubuka vile, moyo utamrudi nyuma."

Mkamwana wangu aliipapasa kwa mkono wa kulia. Alilia kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Nilimpikia Spoku chai, akanywa vikombe vitatu.

Jumanne, 18 Machi

Milimita mbili.

Nyuzi zimetolewa, kidonda kimefunga, lakini vidole vitatu vya kati havinyanyuki. Vinaning'inia. Zahanati wametuandikia barua kwa daktari wa mikono katika hospitali kubwa, na leo ametuona.

Ameeleza vizuri, nami napenda mtu anayeeleza vizuri. Kila kidole kina kano yake, kama kamba inayopita mgongoni mwa kiganja, ndiyo inayokinyanyua. Tatu zimekatika. Zahanati walishona ngozi, kano hawakuziona. Kano iliyokatika haikai ilipo. Ncha zake zinajivuta, kila wiki zinaachana zaidi, na viungo navyo vinaanza kuganda.

"Tuna muda gani?" nikauliza.

"Ningeweza ningemfanyia wiki hii. Hadi mwisho wa Aprili naweza kujaribu, lakini kila wiki mnayochelewa mnanipunguzia cha kuokoa."

Gharama ya upasuaji aliitaja kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja ugonjwa.

Niandike ukweli kwa kuwa hakuna mwingine anayesoma humu. Fedha hiyo ninayo. Ni kiinua mgongo changu, nimekiweka benki kwa muda maalumu, unaisha Juni. Nimefikiri njia nzima na nimeamua sitakigusa. Si ubahili. Nikilipa mimi, kampuni ya magodoro itasema mambo yamekwisha, kila mtu aende nyumbani kwake. Walioharibu watengeneze wao. Watatengeneza, na watatengeneza kabla ya Aprili kwisha.

Jumatatu, 24 Machi

Milimita kumi na tano.

Afisa madai wa kampuni ya magodoro amekuja nyumbani. Suti ya kijivu, viatu vimefunikwa kwa mifuko ya nailoni visiingie tope. Katika nusu saa ametamka neno utaratibu mara kumi na tisa. Nimeziandika kwa vijiti pembeni mwa gazeti. Nimempa jina: Bwana Utaratibu.

Aliomba kuiona baiskeli. Mkamwana wangu akaitoa.

Bwana Utaratibu aliizunguka. Akaipiga kengele. "Mbona nzima? Dada, hii ndiyo iliyopata ajali, au ni nyingine?"

"Ni hiyo hiyo. Imetengenezwa."

"Imetengenezwa na nani, kabla sisi hatujaikagua?" Akapiga picha tano. "Mimi naona baiskeli mpya isiyo na mkwaruzo. Nitaandika ninachokiona. Ndio utaratibu."

Ule uharibifu wote ulikuwa ndio maandishi yetu, na tumeufuta, na aliyeufuta tumemnywesha chai. Hakuna mtu mbaya ambaye angeweza kutufanyia hivi. Ilibidi awe mtu mwema.

Kabla ya kuondoka aliacha fomu. Wako tayari, kwa ubinadamu tu, kulipia upasuaji. Masharti ni kwamba asaini kukubali kuwa ajali ilitokana na uzembe wake, na kwamba hatadai kitu kingine maisha yake yote.

"Ubinadamu huo una mkia mrefu," nikamwambia.

"Bibi, mimi ni mjumbe tu."

Jumanne, 25 Machi

Mwanangu amepiga simu kutoka mnarani. "Mama, usigombane na watu." Nimemwambia aangalie waya zake.

Jumapili, 30 Machi

Hakuna mvua.

Leo nimechukua futi ya kushonea nikaenda kupima mlango wa gari la jirani. Ukifunguka wote unatoka sentimita tisini na nne. Kisha nikamwomba mkamwana wangu asimame na baiskeli kando ya gari hilo, mahali anapopita siku zote. Kati ya usukani na gari, sentimita thelathini na nane.

Nikampima mara mbili. Alikuwa ananitazama.

"Mama, unatafuta nini?"

"Natafuta nilipokosea."

Miaka thelathini na nne, kila mwanzo wa muhula, niliwasimamisha watoto mstarini nikawaambia wakae pembeni kabisa, wayabane magari yaliyosimama. Nilikuwa nawapanga ndani ya mlango. Mwendesha baiskeli anatakiwa apite umbali wa mlango mzima na ziada kidogo, hata kama wa nyuma wanapiga honi. Honi haikati kano. Hesabu yake ni ya darasa la tano, na mimi sikuwahi kuifanya, kwa sababu niliyoambiwa utotoni niliyaona yanatosha.

Alhamisi, 3 Aprili

Milimita thelathini na moja. Uani maji yamefika kizingitini.

Barua ya kampuni: mpanda baiskeli aliteleza kutokana na hali ya mvua. Sasa wameongeza na utelezi. Nimekwenda ofisini kwao na daftari hili. Nikamwonyesha Bwana Utaratibu: tarehe sita, asubuhi kavu, mvua saa nane mchana, ajali saa tatu asubuhi.

"Hiki ni chombo gani ulichopimia?"

"Kopo la maziwa ya unga. Nimelichora mistari."

Alimgeukia mwenzake wa meza ya pili. "Umesikia? Kopo." Wakacheka kwa staha, kama watu wanaocheka msibani.

Jumatatu, 7 Aprili

Nane. Wamesema nirudi Alhamisi.

Alhamisi, 10 Aprili

Kumi na nne. Wamesema nirudi Jumatatu.

Jumatatu, 14 Aprili

Tatu. Mhusika yuko semina.

Nimekaa kwenye benchi lao saa nne nzima. Ukutani kuna picha ya familia imelala juu ya godoro, baba, mama na watoto, wote wanatabasamu huku wamefumba macho. Nimeichukia familia ile.

Jumamosi, 19 Aprili

Mvua ya manyunyu, haikufika milimita moja. Ndani ya nyumba ndiko kumenyesha.

Baada ya chakula mkamwana wangu aliitoa ile fomu chini ya kitambaa cha meza. Kumbe alikuwa ameihifadhi.

"Mama, Jumatatu nakwenda kusaini."

"Ukisaini umekubali kwamba wewe ndiye uliyelifuata gari ukaligonga."

"Nimekubali karatasi. Aprili inakwisha."

"Ni uongo. Unataka jina lako likae chini ya uongo?"

"Jina langu litakaa popote. Vidole ndivyo vinavyokaa mkononi." Hakupaza sauti, angepaza ningejua la kujibu. "Jana nilikutana na yule mteja wangu wa miaka sita. Amesukwa na mtu mwingine. Nikamgeuza kichwa nitazame mistari. Amesukwa vizuri, Mama. Ndicho kilichoniuma. Angekuwa amesukwa ovyo ningelala."

Nikamwambia watu wakisaini ovyo ndiyo maana makampuni haya yana jeuri. Nikamwambia kuhusu haki, na kuhusu wengine watakaogongwa kesho. Niliongea muda mrefu. Nilimwita mwoga.

Alisikiliza hadi mwisho. "Umemaliza? Wewe unapigania sentensi ya askari. Mimi sina mkono wa kufungia sidiria."

Akaingia chumbani kwake.

Nimekaa na hasira hadi sasa, na kwa mara ya kwanza hasira yenyewe haijui pa kwenda. Ikienda kwa Bwana Utaratibu inarudi.

Jumanne, 22 Aprili

Milimita tano.

Nilimwomba siku moja tu kabla ya kusaini, akanipa. Tumekwenda ofisi ya msaada wa sheria. Wakili aliyepo nilimfundisha kidato cha tatu. Alikuwa anapata alama za chini mno, na leo ana viatu vizuri kuliko vyangu.

"Mwalimu, fizikia yako ndiyo iliyonipeleka sheria. Kaa." Akasoma karatasi zote bila haraka. "Hii fomu msisaini. Sasa upasuaji ni lini?"

"Wakishalipa."

"Nani alikwambia msubiri wao?"

"Hakuna. Niliona ndiyo haki."

"Haki inadaiwa hata mkono ukiwa umeshatibiwa. Mnatibu, mnaweka kila risiti, mnadai. Ukingoja, wao ndio wanaofaidi. Watasema kidole kimeharibika kwa uzembe wenu." Akaweka kalamu chini. "Kwani tatizo ni fedha? Hamna kabisa?"

Nilitazama sakafu. Ilikuwa ya saruji iliyopasuka.

"Ninayo," nikasema.

Mkamwana wangu aligeuka. "Tangu lini?"

"Tangu kabla ya ajali."

Wakili alijifanya anatafuta kitu kwenye droo.

Tulipofika mlangoni kwetu alisimama, funguo mkononi. "Mama, leo usinipikie, usiniombe radhi na usinieleze. Hasa usinieleze."

Wiki tano. Daktari aliniambia kila wiki inapunguza, na mimi niliyeshika hesabu kwa mistari ya kopo niliacha wiki tano zipite ili niwe sahihi. Kampuni ile imemfanyia ubaya na nitawafuata hadi kaburini. Lakini wiki tano hizi hazina mlango wa gari wala dereva.

Jumatano, 23 Aprili

Benki wamenikata faida yote kwa kutoa kabla ya muda. Nimesaini haraka. Hospitali wametupa Ijumaa.

Ijumaa, 25 Aprili

Sikupima mvua.

Amekaa chumba cha upasuaji kwa muda wa saa tatu. Mwanangu amekuja usiku kwa lori la vifaa, akiwa bado na mkanda wa kupandia mnara. Amekaa upande mmoja wa benchi, mimi mwingine. Mkewe ameshamwambia. "Mama," alisema, kisha akaufungua ule mkanda. "Umekula?"

Jumanne, 29 Aprili

Milimita kumi.

Daktari: vidole viwili vitarudi karibu vyote kwa mazoezi. Cha kati hakuahidi. Ncha za kano zilikuwa mbali, amelazimika kuchukua kipande kutoka mahali pengine.

"Tungekuja Machi?" nikauliza. Nilijua jibu. Niliuliza ili nilisikie.

"Machi ingekuwa kazi nyingine," akasema.

Jumatatu, 5 Mei

Milimita saba, asubuhi.

Wakili anataka kitu kinachoonyesha mlango ulikuwa wazi. Nimefikiri hivi: mlango uliofungwa una uso mmoja tu kwa nje. Ule ukingo wa ndani, unaokutana na bodi ya gari, hauguswi na kitu kama mlango haujafunguka. Baiskeli ilikuwa ya kijani. Kama ukingo wa ndani una kijani, hadithi ya hati za mzigo imekwisha.

Gari hushusha magodoro pale dukani kila Jumatatu na Alhamisi. Nilisimama chini ya kibaraza cha duka tangu saa mbili. Nilikuwa na maneno tayari kwa dereva yule. Nilikuwa nayo tangu Machi, yamekomaa.

Alishuka. Ni mtu mzima, mvi kidogo, shati limepigwa pasi. Kabla ya kuweka mguu chini alichungulia nyuma kwa muda mrefu, kama mtu anayetazama kisima. Aliponitambua aliishiwa rangi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Unafahamu mimi ni nani."

"Nafahamu. Mkono wa dada?"

"Umepasuliwa. Kidole kimoja huenda kisirudi."

Alivuta pumzi. "Nilimwambia bosi kwenye simu, siku ile ile, kwamba nimefungua mlango bila kutazama. Akaniambia nikilisema hilo mara ya pili nitafute kazi. Nina watoto wanne, Mama. Sijitetei."

"Unajitetea."

"Haya, najitetea."

Maneno yangu yaliyokomaa hayakutoka. Sikumhurumia, nisidanganye. Ila nilikuwa nimemtengeneza kichwani mtu mwenye shingo nene na kicheko.

Alitazama duka, akaitazama simu niliyoishika. "Mimi nakwenda msalani," akasema. "Huwa nakaa. Mlango nauacha wazi."

Akaenda bila kugeuka. Kwenye ukingo wa ndani, usawa wa kiuno changu, kuna bonde la urefu wa kidole na mstari wa kijani umekaa ndani yake. Nimepiga picha kumi na moja, nyingine nikiwa nimeweka futi.

Alhamisi, 8 Mei

Hakuna mvua.

Tumempelekea wakili baiskeli. Ni nyeusi. Kijani cha mlangoni kitalinganishwa na nini? Spoku alikuja nayo mwenyewe. Tangu nilipomweleza kosa lake hajanywa chai kwetu.

"Nipeni dakika," akasema. Akatoa kisu cha kukwangulia na akaanza kuibandua rangi yake, ile aliyoipaka kwa siku mbili, kuanzia shingo ya usukani kwenda chini. Maganda meusi yalimwangukia miguuni. Kijani kikatokea.

Wakili akamwuliza alinyoosha nini. "Usukani, ncha ya kushoto. Ilikuwa imekunjwa kurudi nyuma, kwa mpandaji."

"Na gurudumu la mbele?"

"Halikuwa na kitu. Hata spoku moja sikugusa."

Nilishindwa kukaa kimya. Baiskeli ikigonga gari lililofungwa milango kwa nyuma, kinachotangulia ni gurudumu, nalo ndilo linalokunjika. Gurudumu zima na usukani uliokunjwa upande mmoja maana yake kuna kitu kiliingia kutoka ubavuni, juu ya gurudumu. Wakili aliandika yote.

"Mwalimu, hapa nimeelewa," akasema. "Miaka ishirini, lakini nimeelewa."

Spoku ameweka sahihi kwenye maelezo yake. Mkamwana wangu alimwambia, "Kaka, sasa ipake tena. Ila safari hii rangi nichague mimi."

Jumanne, 20 Mei

Milimita moja.

Nimekwenda shule yangu ya zamani, mkuu akanipa dakika ishirini mstarini. Nimewaambia watoto kwamba nilichowafundisha kaka na dada zao kilikuwa kosa. Nimechora gari kwa chaki chini, nikachora mlango ukiwa wazi, nikawapitisha mmoja mmoja nje ya mlango. Nimewaambia pia wale wanaopakiwa kwenye magari: fungua mlango kwa mkono ulio mbali nao, mwili utageuka wenyewe na utaona nani anakuja nyuma.

Mwalimu mmoja alininong'oneza kwamba wazazi wenye magari watalalamika. Nikamwambia awatume kwangu.

Ijumaa, 30 Mei

Wiki nzima kavu.

Polisi wamerekebisha taarifa: mlango ulifunguliwa katika njia ya mpanda baiskeli. Kampuni imekubali kulipa matibabu, kazi iliyopotea na kidole cha kati, ambacho sasa tunajua hakitanyooka. Mwisho wa barua wameandika kwamba dereva mhusika ameachishwa kazi kwa kuficha ukweli.

Nimesoma mstari huo nimesimama. Aliyemwamuru afiche ndiye aliyetia sahihi barua. Nimempelekea wakili, naye amemwita dereva ofisini kwake. Nilidhani siku tukishinda hasira itapungua.

Jumanne, 10 Juni

Tumekwenda ofisini kwa kampuni kuchukua hundi. Karani wa malipo ni mama mwenye miwani ya kamba. Mkamwana wangu alisaini fomu ya kupokea. Ameanza kushika kalamu wiki mbili zilizopita, kati ya dole gumba na kidole cha shahada, kile cha kati kimejikunja chini kama ndoano.

Karani aliweka fomu kando ya nakala ya kitambulisho. Akatazama hapa na hapa.

"Dada, sahihi hazilingani."

"Zote zangu."

"Hii ya kitambulisho imenyooka, ina mkia mzuri. Hii inatetemeka. Hebu andika tena."

Akaandika. Karani akatikisa kichwa. Akaandika mara ya tatu, mbaya kuliko ya pili.

"Siwezi kutoa hundi kwa sahihi isiyolingana. Kama kuandika ni shida, weka dole gumba tu, wengi wanaweka."

Nilifungua kinywa. Mkamwana wangu aliniwekea mkono gotini, ule wa kushoto, nikakifunga.

"Dada," akamwambia karani, "hundi hii ni ya nini?"

"Fidia."

"Ya nini? Soma."

Karani akasoma. "Jeraha la kudumu, mkono wa kushoto."

"Na kalamu nimeshika mkono gani?"

Karani alitazama kalamu. Alivua miwani, ikaning'inia kifuani.

"Sasa mimi nifanyeje? Faili lina ile ya zamani."

"Ile ya zamani ndiyo mliyoivunja." Akavuta fomu, akasaini mara ya nne, taratibu, herufi moja moja, huku ulimi ameubana kwenye meno. Akaigeuza imtazame karani. "Hii ndiyo niliyobaki nayo. Badilisheni faili."

Nyuma yetu foleni ilikuwa imefika mlangoni. Mtu akauliza kuna nini huko mbele. Mkamwana wangu hakugeuka wala hakuondoka kwenye kiti. Mwishowe karani akasimama, akaenda kulitafuta faili.